Kesi za Wasichana

Wasichana wa Kebirigo, huku Nyamira nchini Kenya, wanaporudi likizo kutoka vyuoni huja na riwaya moja ya Kimarekani ndani ya simu, nao huisoma hadi usiku wa manane. Inaitwa Haunting Adeline. Mwandishi wake ni H. D. Carlton, ilitoka mwaka 2021, na habari yake ni ya mwanamume anayemwandama mwanamke ambaye kazi yake ni kuandika vitabu. Anaingia nyumbani kwake milango ikiwa imefungwa, anamwachia waridi jekundu, anamchunguza kwa kamera, anamwadhibu mwanamume yeyote anayemkaribia, na hatimaye anapendwa. Mpwa wangu alinitumia akaniambia, "Shangazi, soma kwanza, ndipo unihukumu." Nimefundisha Kiswahili na historia katika shule za Nyamira mpaka nikastaafu, na kitabu kinachowakosesha vijana usingizi sikipuuzi. Nilikisoma chote.

Kilichonishika ni shajara, wala si yule mwanamume. Adeline anaishi katika jumba aliloachiwa na nyanya yake, na humo anakuta shajara za mama wa nyanya huyo, zilizoandikwa miaka ya 1940, zikieleza jinsi naye alivyoviziwa na mwanamume aliyekuwa akisimama nje ya dirisha, na jinsi alivyoanza kumtamani. Riwaya inataka tuamini kwamba jambo hili ni la kurithi, na kwamba wanawake wa zamani walilionea raha kabla yetu.

Miaka hiyo hiyo ya 1940, katika vilima hivi vya Mugirango, wanawake waliotuzalia mama zetu walikuwa wakiandamwa pia. Shajara hawakuacha, maana wengi hawakujua kuandika. Walichoacha ni maneno waliyoyasema mbele ya wazee wa mahakama. Maafisa Waingereza walioitawala nchi hii kutoka Kisii mjini walilalamika kwamba mahakama za wenyeji zimefurika mashauri ambayo wao waliyaita kesi za wasichana, na mwaka 2006 mwanahistoria Brett Shadle alichapisha kitabu kizima kuhusu kesi hizo za Gusii, akitegemea kumbukumbu za mahakama zenyewe. Ninaandika haya kwa sababu wasichana wetu wamesoma shajara ya kubuni ya mwanamke wa Marekani, na hawajapata kusikia walichokisema wanawake wa kwao miaka hiyo hiyo.

Asiyetujua aelewe kwanza jinsi Abagusii walivyooana. Ukoo hauoi ndani ya ukoo. Mke hutoka kwa watu wengine, na zamani watu wengine hao ndio waliokuwa maadui. Wazee bado husema kwamba tunaooa kwao ndio tunaopigana nao. Binti aliyeolewa alikuwa anaingia boma la wageni, na aliyemtangulia huko alikuwa esigani, mshenga, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleleza. Je, watu hawa wanasemwa kwa uchawi? Zizi lao lina ng'ombe, au wameazima wa jirani ili waonekane? Mama wa kijana anakaa vipi na wake wa wanawe wengine? Esigani akirudi na maneno mazuri, wazee walikwenda kuwatazama ng'ombe, wakawachagua mmoja mmoja, wakabishana juu ya mtamba aliyekonda, kisha ng'ombe wakahama. Baadaye sana, kwa waliojaliwa, ilifanywa enyangi, sherehe iliyoikamilisha ndoa, na mke akavaa ebitinge, pete za chuma za mguuni, zilizomtambulisha popote alipopita.

Ndani ya utaratibu huo mlikuwa na nafasi iliyotengewa nguvu. Bibi harusi hakutakiwa kuondoka kwao akicheka. Vijana wa upande wa bwana walipokuja kumchukua, alijificha, akasakwa, akang'ang'ania nguzo ya nyumba ya mama yake, akalia, akavutwa mpaka nje na njia nzima. Binti aliyekwenda mwenyewe kwa hiari yake aliwaaibisha wazazi, kana kwamba walikuwa wamemchoka. Robert LeVine, msomi wa Kimarekani aliyeishi Gusii katikati ya miaka ya 1950 na kuandika pamoja na mkewe Barbara kitabu Nyansongo, kilichotoka mwaka 1966, aliyaeleza haya kwa kirefu.

Sina ugomvi na kilio cha bibi harusi kama kilio tu. Mama zangu wadogo walilia siku zao na walikuwa wakienda kwa wanaume waliowataka. Hatari iko mahali pengine. Desturi ikishaagiza kwamba kila binti akatae, huyo anayekataa kwa moyo wake wote atasikika vipi? Machozi yake ni yale yale. Mikono yake imeshika nguzo ile ile. Vijana wanaomvuta wanaamini kwamba wanatimiza heshima, na mama yake amesimama mlangoni na hana njia ya kujua, au anajua na hana njia ya kusema. Kijana ambaye esigani wake alikuwa amekataliwa, au ambaye hakuwa na ng'ombe wa kumtuma esigani nao, aliweza kuichukua sehemu hiyo moja ya harusi, ile ya kuvuta, akaacha nyingine zote. Alimvizia msichana njiani na wenzake, wakambeba. Waliokutana nao hawakuingilia. Walidhani wameona harusi.

Kwa nini kijana asiwe na ng'ombe? Hapa historia inabidi ihesabu mifugo. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki yote ikaangamiza ng'ombe. Mwaka 1905 Waingereza walileta jeshi Gusii, na mwaka 1908, baada ya mpiganaji wetu Otenyo kumchoma mkuki mtawala wao G. A. S. Northcote, wakaleta jingine, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe kwa maelfu. Zizi likiwa tupu, hata mahari hushuka. Kisha mifugo ikaongezeka tena na mahari ikapanda nayo. Ikaja kodi, ikaja kazi ya mshahara katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho yaliyoanzishwa miaka ya 1920, ng'ambo ya mto Chemosit, umbali ambao mtu wa Kebirigo angeweza kuutembea. Vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na wanaume waliojiandikisha jeshini wakatuma pesa nyumbani. Pesa hizo zilinunua ng'ombe, na baba mwenye binti aliweza sasa kusubiri mtoaji mkubwa zaidi.

Hesabu ya nyumbani ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Ng'ombe walioingia kwa binti walitoka kwa kaka yake. Kaka aliunganishwa na dada fulani tangu utotoni: ng'ombe wa dada huyu ndio watakaomwozesha kaka huyu. Kijana ambaye dada yake alifariki mdogo, au aliyezaliwa katika nyumba ya wavulana watupu, alijua mapema kwamba njia yake ya kuoa ni nyembamba. Mahari ilipopanda, kijana wa namna hiyo aliwaona wasichana aliokua nao wakienda mmoja mmoja kwa wanaume wenye umri wa baba yake. Baraza la wenyeji na serikali walijaribu zaidi ya mara moja kuweka kikomo cha idadi ya ng'ombe. Philip Mayer, aliyefanya utafiti hapa baada ya vita, aliandika mwaka 1950 juu ya majaribio hayo na jinsi yalivyoshindwa. Baba wawili wakikubaliana kichakani, nani atahesabu?

LeVine anautaja mwaka 1937, na tena 1950, kuwa nyakati ambazo visa vya wanawake kukamatwa na kubakwa vilizidi mpaka utawala ukashtuka, na anaonyesha kwamba nyakati zote mbili mahari ilikuwa juu. Naliamini hilo. Ila sababu ya kwamba kijana hakuweza kuoa haielezi kwa nini alimfuata msichana huyu na si mwingine, wala kwa nini aliendelea kumfuata hata baada ya kuambiwa hapana mbele ya watu. Kwa hilo nina habari ya nyumbani.

Magokoro wangu, mama yake mama, alikuwa msichana wa kuolewa wakati vita vikiendelea. Kijana mmoja aliyekuwa akichuma chai Kericho alianza kuja nyumbani mwisho wa kila mwezi, na kila alipokuja alimtafuta. Siku ya soko alisimama chini ya mti wa omotembe ulioelekea mahali ambapo magokoro na mama yake walikuwa wakiuza wimbi, akasimama mpaka soko likavunjika. Hakununua wimbi. Hakusema lolote. Magokoro alipobadilisha njia ya kwenda mtoni, kesho yake alimkuta kwenye njia mpya. Alimletea kitambaa cha kichwa, akakikataa. Akakikuta kimening'inizwa kwenye ua wa boma lao asubuhi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama hakufurahia hata kidogo kutakwa namna ile. Alinijibu kwa Ekegusii kwamba mbuzi naye hutakwa.

Esigani alikuja, baba yake magokoro akasema ng'ombe ni wachache. Hakusema kwamba binti amekataa, ingawa alikuwa amekwisha kuambiwa. Alitaja ng'ombe tu. Kwa kijana, jibu hilo lilikuwa na maana moja: msichana ni wake, bado bei. Jioni moja walimkamata akitoka mtoni, wanaume watano, mtungi ukavunjika. Alipiga mayowe. Mwanamke aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa bonde aliinua kichwa, akatazama, akainama tena akaendelea kupalilia. Magokoro hakumlaumu mwanamke yule maisha yake yote. Alisema hata yeye angeinama.

Walimweka katika nyumba ya mama wa kijana. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alimpikia obokima na mboga za chinsaga, akakaa naye karibu na moto, akamweleza jinsi mwanawe alivyo mchapakazi, jinsi anavyowatunza wadogo zake, jinsi alivyokuwa hali vizuri tangu amwone. Magokoro hakugusa chakula. Siku ya tatu alitumwa kuni pamoja na wasichana wa boma, akapita katika shamba la wimbi lililokuwa limekomaa, refu kumfikia kifuani, akakimbia mpaka kwa mjomba wake. Hakwenda kwa baba. Alijua.

Na kweli, baba alikuwa amekwisha kupokea ng'ombe waliobaki. Jirani na jamaa wa kijana waliwakusanya upesi ili aibu ifunikwe, baba akawapokea, na mmoja wao alikuwa ameshatoka tena, kwenda kumalizia mahari ya kaka yake magokoro. Kwa hiyo aliyekwenda kushtaki hakuwa msichana aliyekamatwa. Alikuwa kijana. Alikwenda ritongo, mahakama ya wazee, kudai mke wake, au ng'ombe wake.

Ritongo zilikuwa za zamani kwetu, lakini za wakati ule zilikuwa zimekwisha kufanywa mahakama za serikali, chini ya sheria ya 1930 ya mahakama za wenyeji, zikawa na karani, kitabu, ada na mhuri. Wazee walioketi humo walikuwa na wake, binti na mifugo yao, na wengi walikuwa na kesi zao wenyewe. Walishikilia kwamba ndoa ni ng'ombe: bila mahari hakuna mke, na palipo na mahari pana mume. Kitabu cha Shadle kinaonyesha, hata hivyo, kwamba hawakuwa na moyo wa jiwe. Walijua kwamba binti akirudishwa kwa nguvu atatoroka tena, na kesi itarudi, na ng'ombe watakuwa wamezaa, na hesabu itakuwa ngumu maradufu. Basi waliuliza. Si kila mara, wala si mapema, lakini waliuliza.

Magokoro alisimulia kwamba muda mrefu walizungumza juu ya ng'ombe peke yao. Rangi zao, nani alikuwa na ndama, nani aliugua njiani. Mashahidi wa kijana walisema ni mtu wa kazi, hanywi pombe, ana akiba. Baba alisema yuko tayari kumrudisha binti. Kaka alisema ng'ombe mmoja hayupo tena. Kisha mzee mmoja aliyekuwa kimya akamgeukia magokoro akamuuliza kama anamtaka mtu huyu. Alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Si baba, si esigani, si mama wa kijana aliyempikia. Alisema hamtaki, na kwamba wakimrudisha atakwenda na miguu yake mpaka mtoni na hatatoka humo. Karani aliandika.

Ng'ombe walirudishwa. Yule mmoja alilipwa kwa shida, ndoa ya kaka ikasubiri, na magokoro na kaka yake hawakula sahani moja kwa miaka mingi. Naona hilo ndilo lililomuumiza kuliko kukamatwa. Yule kijana naye hakukoma. Aliendelea kuja sokoni mwisho wa mwezi, akasimama chini ya omotembe, hata baada ya magokoro kuolewa na babu yangu na kuzaa. Siku moja hakuja, na hakuna aliyemuulizia.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba kesi zote zilikuwa hivi. Nyingi zilikuwa kinyume chake kabisa: msichana alikuwa ametoroka usiku na kijana asiye na kitu, mara nyingine kuelekea huko huko Kericho ambako kulikuwa na chumba na mshahara, na baba ndiye aliyeshtaki ili amrudishe kwa mzee mwenye ng'ombe. Katika kesi hizo msichana alisema namtaka, kwa uwazi uliowakasirisha wazee. Mapenzi yalikuwepo, tena makali. Na mbele ya baba kutoroshwa na kukamatwa vilifanana: binti hayupo, ng'ombe hawapo. Mshtakiwa aliyembeba msichana akipiga mayowe aliweza kudai kwamba walipendana. Baba wa msichana aliyetoroka kwa mapenzi aliweza kudai kwamba alibebwa. Ushahidi uliozitenganisha kesi hizi mbili ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa kinywani mwa msichana.

Hapa ndipo riwaya na historia zinapoachana, na si kwenye giza, maana giza tulikuwa nalo la kutosha. Katika Haunting Adeline msomaji amewekwa ndani ya moyo wa mwanamke. Anaposema toka, tunasoma mstari unaofuata na kukuta kwamba mwili wake unasema kaa. Mwandishi anatuhakikishia. Yule mwanamume hakosei kwa sababu mwandishi ameamua asikosee. Tena amempa kazi njema ya kuwawinda wanaouza watoto, ili tumsamehe; hata mashahidi wa ritongo walisema ni mtu wa kazi, hanywi pombe. Kwenye njia ya mtoni hapakuwa na mstari unaofuata. Vijana watano walidai wanausoma moyo wa magokoro, na walikuwa wameusoma vibaya, na hapakuwa na ukurasa wa kuwasahihisha.

Riwaya za namna hii zina umri. Mwaka 1919 Mwingereza E. M. Hull alitoa The Sheik, ambamo mwanamke wa Kiingereza anatekwa katika jangwa la Aljeria na mwanamume anayemlazimisha na kisha kumpenda. Mwaka 1921 ikawa filamu, Rudolph Valentino akaigiza, na wanawake wa Ulaya na Marekani wakajaa kumbi. Mwishoni inagunduliwa kwamba mtekaji si Mwarabu, ni mtoto wa Wazungu, ili hadhira iweze kumkubali. Uzao wa kitabu hicho ulifika hadi mabweni ya shule zetu. Nilipoanza kufundisha, vitabu vya Mills & Boon vilizunguka chini ya magodoro vikiwa vimepoteza majalada, na mashujaa wao walikuwa wanaume wenye hasira wanaoshika mikono ya wanawake kwa nguvu. Niliwanyang'anya wanafunzi vingi na nikavisoma.

Siwaoni wasomaji wa vitabu hivi kuwa wajinga. Mpwa wangu aliniambia jambo ambalo nimelitafakari sana: kwamba ndani ya kitabu anaogopa na yuko salama kwa pamoja, kwa kuwa anaweza kuzima simu. Msichana anayepanda boda boda usiku kutoka stendi ya Kebirigo hadi kwao, akiwa ameshika simu mkononi na namba ya kaka yake tayari, anajua woga mwingine usiozimika. Kama anataka mahali pa kuushika woga huo na kuugeuzageuza, nani wa kumkataza? Ninachoogopa ni kijana anayesoma akichungulia nyuma ya bega lake.

LeVine alikadiria kwamba mwaka 1955 na 1956 mashtaka ya ubakaji Gusii yalifikia 47.2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, akayalinganisha na 13.85 katika miji ya Marekani. Takwimu hizo zimetajwa na wasomi wengi tangu zilipotoka mwaka 1959, na zimetupa sifa ambayo hakuna aliyeiomba. Namheshimu mtu aliyekaa nasi na kuuliza. Lakini katika maelezo yake aliandika pia kwamba wasichana waliwatia vijana moyo kwa kupenda zawadi na kutazamwa, kisha wakawakataa, na hapo namkatalia. Kitambaa kilichoning'inizwa uani hakikupokelewa na mtu. Aliyekileta ndiye aliyekihesabu kuwa deni.

Hesabu hiyo ya deni haijatuacha. Aprili 2019, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi aliuawa kwa shoka mchana peupe huko Eldoret, nje ya hospitali aliyokuwa akijifunzia, na mwanamume aliyesafiri kumfuata. Kabla hajazikwa, Wakenya wengi walikuwa tayari wanajadili pesa ambazo inasemekana alikuwa ametumiwa. Niliwasikia watu wazima, kwenye matatu ya kwenda Nyamira, wakisema kwamba mtu akila pesa za mwenzake ajue. Walikuwa wanazungumza kama mashahidi wa ng'ombe. Miaka baadaye mahakama ilimfunga muuaji miaka mingi. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wenzao.

Sheria zimekuja. Ya makosa ya kingono ya 2006, aliyoipigania bungeni Njoki Ndung'u. Ya ndoa ya 2014, inayotaka miaka 18 na hiari ya wote wawili, hata kwa ndoa ya kimila. Ya ukatili wa nyumbani ya 2015, iliyomtaja waziwazi mtu anayemwandama mwenziwe. Ya makosa ya mtandao ya 2018, kwa wale wanaosimama chini ya omotembe wa simu. Ritongo za serikali zenyewe zilifungwa mwaka 1967 mahakama zilipounganishwa, na siku hizi kesi hupelekwa kwa hakimu.

Ninalolitaka kutoka kwa wasichana wa Kebirigo ni kitabu. Wana Kiswahili kizuri kuliko tulichokuwa nacho sisi, na wanajua jinsi ya kumshika msomaji kooni hadi alfajiri. Waende Nyaraka za Taifa, Nairobi, wafungue ripoti za wilaya iliyoitwa South Kavirondo, wasome malalamiko ya wale maafisa. Wakae na vikongwe waliobaki, kabla ya msimu mwingine wa mvua. Kisha mmoja wao atuandikie riwaya ya kesi moja ya msichana, yenye kutisha na yenye mapenzi, maana vyote vilikuwemo. Awemo mwanamke aliyeinama akaendelea kupalilia. Awemo kaka anayemkazia dada macho kwa sababu ya ng'ombe mmoja, na mama mkwe mwema mwenye chungu cha chinsaga. Kijana wa Kericho naye awe na moyo, njaa na dada aliyekufa mdogo, ili tusimwone kuwa zimwi. Na mzee yule wa ritongo aliyekuwa kimya apewe sura nzima ya kufikiri kabla hajauliza swali lake.